Kesi hii ya Marekani iko mahakama gani? Mwongozo wa kuzijua mahakama 94 za wilaya za shirikisho

Habari ikifika kwamba fulani amepandishwa kizimbani "New York", wengi huishia hapo. Lakini jimbo la New York peke yake lina mahakama nne za shirikisho za kusikiliza kesi kwa mara ya kwanza, kila moja na majaji wake, masjala yake na ofisi yake ya mashtaka. Pembeni kuna mahakama za jimbo lenyewe, ambazo ni mfumo mwingine kabisa. Ukibisha mlango usio wake, kesi huioni kwenye kumbukumbu, wakili unayempigia anakwambia hilo si eneo lake, na siku za kisheria zinaendelea kuhesabiwa.

Maelezo haya ni kwa mwenye ndugu kule, kwa mwanahabari wa huku anayefuatilia kesi ya kule, na kwa mkazi wa Marekani anayejiuliza afungue shauri wapi. Maswali ni mawili, na yasichanganywe. La kwanza: je, mahakama za shirikisho zina mamlaka juu ya jambo hili? La pili: kama zinayo, ni ipi kati ya hizo 94? Anza na la kwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha jambo lenyewe ni la shirikisho

Kesi nyingi za Marekani hazifiki mahakama za shirikisho. Talaka, malezi ya watoto, mirathi, ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba, kuendesha gari ukiwa umelewa, wizi wa kawaida, hata mauaji mengi: hayo yote ni ya mahakama za jimbo. Mahakama ya shirikisho inashika kesi pale tu Katiba au sheria ya Bunge la Congress inapoipa nafasi. Kwa upande wa madai, milango mikubwa ni mitatu.

Mlango wa kwanza ni dai linalosimama juu ya sheria ya shirikisho: ubaguzi kazini, haki za kiraia, hataza (haki za uvumbuzi), mambo ya bahari na meli. Hapa kiasi cha fedha kwa kawaida si hoja.

Mlango wa pili ni serikali ya Marekani yenyewe kuwa mdai au mdaiwa.

Mlango wa tatu ndio unaowachanganya watu: wadaawa wanaotoka majimbo tofauti, au mmoja raia wa jimbo na mwingine raia wa nchi ya kigeni, na dai linazidi dola 75,000. Anayeishi Nairobi na ni raia wa Kenya anaweza kuishtaki kampuni ya Texas kwa njia hii. Lakini chukua Watanzania wawili, mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine yuko Houston kwa kadi ya ukaazi, wanagombania fedha za kiwanja cha Kigamboni. Wote wawili ni wageni machoni pa sheria hiyo, kwa hiyo mlango umefungwa hata dai likiwa dola milioni moja. Waende mahakama ya jimbo, au warudi nyumbani wakamalizane huko.

Kuna mtego mwingine ambao hata raia wa Marekani hawaujui: raia aliyehamia nje ya nchi moja kwa moja si raia wa jimbo lolote, wala si mgeni. Mmarekani mwenye asili ya Kenya aliyerudi kuishi Kisumu hawezi kuutumia mlango huu wa tatu, si kama mdai wala kama mdaiwa.

Kwa jinai ni rahisi zaidi. Angalia jina la kesi. Ikisomeka "United States v." ikifuatiwa na jina la mshtakiwa, kwa kawaida kesi ni ya shirikisho. Ikianza na "State of", "People of" au "Commonwealth of", ni ya jimbo, na sehemu kubwa ya mwongozo huu haitakufaa.

Tahadhari moja kwa sababu inagusa familia nyingi za Waswahili: mahakama ya uhamiaji haimo humu. Majaji wa uhamiaji wako chini ya Wizara ya Sheria, ni waajiriwa wa serikali, na amri yao ya kumwondoa mtu nchini ikishathibitishwa na bodi ya rufaa ya wizara hiyo, inakwenda moja kwa moja mahakama ya rufaa bila kupita mahakama ya wilaya. Hata hivyo yapo mambo ya uhamiaji yanayoingia mahakama ya wilaya, na tutayafikia.

Hatua ya 2: Jua wilaya

Mahakama hizi zilianza na Sheria ya Mahakama ya 1789 zikiwa 13. Leo ni 94: 89 ndani ya majimbo 50, moja Washington, moja Puerto Rico, na tatu kwenye maeneo ya Guam, Visiwa vya Virgin na Mariana ya Kaskazini. Mtanzania asiilinganishe na Mahakama ya Wilaya anayoijua nyumbani. Kwa uzito hii inakaribia Mahakama Kuu: inasikiliza kesi ya ugaidi, ya kampuni ya mabilioni, na ya kupinga amri ya Rais.

Majimbo 26 yana wilaya moja tu, kwa hiyo ukishajua jimbo umemaliza. Minnesota ni mojawapo, na vilevile Maryland, Massachusetts na New Jersey. Majimbo 12 yana wilaya mbili, tisa yana tatu, na matatu yana nne: California, New York na Texas. Mipaka yake kwa kawaida hufuata kaunti, na haivuki jimbo isipokuwa sehemu moja: wilaya ya Wyoming imemeza hifadhi yote ya Yellowstone, pamoja na vipande vyake vilivyomo Montana na Idaho.

Kwa hiyo usiulize mji tu, uliza kaunti. Jiji la New York limekatwa katikati. Manhattan na Bronx ziko Wilaya ya Kusini, ambayo kwenye hati utaiona kama S.D.N.Y. Brooklyn, Queens na Staten Island ziko Wilaya ya Mashariki, E.D.N.Y. Uwanja wa ndege wa JFK uko Queens, ndiyo maana aliyenaswa pale na mzigo wa dawa za kulevya hupelekwa Brooklyn. Akishukia Newark, amevuka mto na jimbo, anakuwa mgeni wa wilaya ya New Jersey. Akishukia Dulles, akiamini yuko Washington, kumbe yuko Virginia, na mahakama yake ni Wilaya ya Mashariki ya Virginia.

Texas nayo: Houston ni Kusini, Dallas ni Kaskazini, San Antonio na Austin ni Magharibi, Tyler na Marshall ni Mashariki. Wakongomani wengi wa Louisville, Kentucky, wako Wilaya ya Magharibi ya jimbo lile. Walioko Columbus, Ohio, wako Wilaya ya Kusini.

Ndani ya wilaya kubwa kuna migawanyo midogo yenye majengo yake. Si jambo la karani peke yake hili. Wilaya ya Kaskazini ya Texas ina mgawanyo wa Amarillo, ambako kwa miaka kadhaa karibu kesi zote za madai zimeangukia kwa jaji mmoja. Wanaotaka kupinga sera za serikali ya Washington wakalijua hilo, wakawa wanafunga safari mpaka Amarillo. Kesi ya kutaka kuondoa kibali cha mifepristone, dawa ya kutoa mimba, ilifunguliwa huko mwaka 2022. Sehemu nyingine kesi hugawiwa kwa bahati nasibu, na mdai hajui jaji mpaka ameshalipa ada.

Hatua ya 3: Uliza kwa nini kesi iko pale

Kwa madai, kanuni ya kawaida inakupa chaguo mbili: wilaya anayoishi mdaiwa, ikiwa wadaiwa wote ni wa jimbo hilo, au wilaya ambako sehemu kubwa ya mambo yenyewe yalitokea. Juu ya hapo mahakama lazima iwe na nguvu juu ya mdaiwa mwenyewe. Kampuni ambayo haijawahi kufanya lolote Minnesota haiburuzwi Minnesota kwa sababu tu mdai anakaa Minneapolis.

Ukiishtaki serikali, unaongezewa chaguo la tatu: wilaya unayoishi wewe mdai, mradi shauri halihusu ardhi. Hili ni la manufaa makubwa. Mke raia wa Marekani anayeishi Minneapolis, mume wake yuko Nairobi akisubiri viza isiyotoka, anaweza kufungua shauri la ucheleweshaji wilaya ya Minnesota bila kwenda Washington. Nasema ucheleweshaji. Viza ikishakataliwa, mahakama kwa kawaida hazimpindui ofisa wa ubalozi, na Mahakama ya Juu ililikazia hilo mwaka 2024. Vivyo hivyo kwa uraia: ukishafanyiwa usaili, siku 120 zikapita bila uamuzi, sheria inakuruhusu kuomba mahakama ya wilaya unayoishi iingilie.

Kwa jinai, Katiba inataka mtu ahukumiwe jimbo na wilaya ambako kosa limetendeka. Na kosa likitendeka nje ya Marekani? Hapo kesi inakwenda wilaya ambako mshtakiwa amekamatiwa au amefikishwa kwanza. Ikiwa hajafika, hati ya mashtaka inaweza kufunguliwa wilaya ya makazi yake ya mwisho nchini humo, na yasipojulikana, Washington. Maana yake mahali ndege inapotua pana uzito, na waendesha mashtaka hawalisahau hilo wanapopanga safari.

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, watu 224 walikufa. Hati ya mashtaka ilifunguliwa Wilaya ya Kusini ya New York. Washtakiwa wanne, akiwemo Mzanzibari Khalfan Khamis Mohamed, walitiwa hatiani mwaka 2001 na kupewa kifungo cha maisha. Mzanzibari mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, aliyekamatwa Pakistan mwaka 2004, alitolewa Guantanamo mwaka 2009 akapelekwa Manhattan. Mwaka 2010 baraza la raia 12 lilimwachia mashtaka zaidi ya 280 na kumkuta na hatia kwa shtaka moja la kula njama. Hilo moja likatosha: Januari 2011 alihukumiwa maisha.

Lakini majeruhi na wafiwa, wakiwemo Wakenya na Watanzania waliokuwa wakifanya kazi balozini, walipoishtaki Jamhuri ya Sudan kwa kuwasaidia walipuaji, hawakwenda New York. Walikwenda mahakama ya wilaya ya Washington, kwa sababu sheria inataja wilaya hiyo kuwa pa kuishtakia nchi ya kigeni. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu, likaamuliwa Mei 2020 kwa jina la Opati dhidi ya Jamhuri ya Sudan. Mlipuko ni ule ule, ila mwenye kutafuta kumbukumbu za jinai anakwenda Manhattan, na wa kumbukumbu za fidia anakwenda Washington.

Ndugu wa Akasha wa Mombasa, Baktash na Ibrahim, walitolewa Kenya Januari 2017 na kufikishwa mahakama hiyo hiyo ya Manhattan. Walikiri makosa ya dawa za kulevya mwaka 2018. Baktash alipata miaka 25, Ibrahim 23. Lakini Manuel Chang, waziri wa fedha wa zamani wa Msumbiji, alishtakiwa ng'ambo ya mto, Brooklyn, katika kashfa ya mikopo ya siri, na akatiwa hatiani Agosti 2024. Mwandishi aliyekuwa akimtafuta kwenye orodha ya Wilaya ya Kusini asingemwona, ingawa majengo hayo mawili yametenganishwa na daraja tu.

Hatua ya 4: Ndugu akishikiliwa na maofisa wa uhamiaji

Hili nalitenga kwa sababu saa zina maana. Anayepinga uhalali wa kushikiliwa kwake anapeleka ombi la habeas corpus, na kanuni ni kali: mahakama ni ile ya wilaya anakoshikiliwa kimwili siku ombi linapofunguliwa. Haijalishi anaishi wapi, alikamatiwa wapi, wala wakili wake yuko wapi. Mtu aliyekamatwa Boston anaweza kuhamishwa siku hiyo hiyo, na kesho yake akawa kizuizini Jena, Louisiana. Kwa hiyo mahakama yake sasa ni Wilaya ya Magharibi ya Louisiana, na mahakama ya rufaa iliyo juu yake ni nyingine pia.

Kinyume chake, ombi likishafunguliwa mahali sahihi, kumhamisha mtu baadaye hakuinyang'anyi mahakama ile mamlaka yake. Basi fanyeni hivi: mpateni kwanza kwenye mfumo wa mtandaoni wa idara ya uhamiaji wa kutafuta walioshikiliwa, kwa namba yake ya A (namba ya jalada lake la uhamiaji) na nchi aliyozaliwa, andikeni jina la kituo na saa mliyoliona, halafu tafuteni wakili aliyesajiliwa kufanya kazi kwenye wilaya hiyo. Ada ya ombi hili ni dola 5 tu. Kesi nyingine ya madai, tangu Desemba 2023, inafunguliwa kwa dola 405, na asiye na uwezo anaruhusiwa kuomba asamehewe.

Hatua ya 5: Jua unazungumza na nani

Majaji wa wilaya huteuliwa na Rais, wakathibitishwa na Seneti, na hukaa kazini maisha yao yote, isipokuwa wachache wa Guam, Visiwa vya Virgin na Mariana ya Kaskazini, wenye vipindi vya miaka 10. Nafasi zao nchi nzima ni 677, zimegawanywa kwa kutegemea wingi wa kazi: Wilaya ya Kusini ya New York ina 28, Vermont ina mbili. Jaji mmoja ndiye anayesikiliza kesi. Mashauri machache, kama ya ugawaji wa majimbo ya uchaguzi, huketiwa na watatu.

Chini yao kuna mahakimu wa shirikisho, wanaochaguliwa na majaji wenyewe kwa kipindi cha miaka minane. Mshtakiwa akikamatwa, wa kwanza kumwona ni hakimu, na mara nyingi ndiye anayeamua dhamana. Usidhani basi kwamba kesi imekwisha au imepewa mtu mdogo. Huo ni mwanzo wake. Ufilisi una majaji wake, miaka 14 kila kipindi, ndani ya mahakama hiyo hiyo ya wilaya.

Karani wa masjala anakujibu kuhusu fomu, ada na tarehe. Hakupi ushauri wa kisheria, hata umlilie. Na jina linalotajwa sana kwenye habari, "U.S. Attorney" wa wilaya fulani, si jaji: ni mkuu wa mashtaka wa serikali kwenye wilaya hiyo.

Hatua ya 6: Soma namba ya kesi

Namba moja inakupa karibu kila kitu. Chukua ya Ghailani: 1:98-cr-01023-LAK, Wilaya ya Kusini ya New York. Tarakimu ya kwanza ni ofisi, hapa Manhattan. 98 ni mwaka kesi ilipofunguliwa, si mwaka iliposikilizwa, na ndiyo maana kesi ya 2010 inabeba 98. Herufi "cr" ni jinai. Ungeona "cv" ingekuwa madai, na "mj" ni jambo lililo bado kwa hakimu. 01023 ni namba ya mfululizo. LAK ni jaji, Lewis A. Kaplan. Wale wanne wa 2001 walikuwa na namba hiyo hiyo, ila mwishoni palikuwa na LBS, yaani Leonard B. Sand.

Bila jina la wilaya namba hii haina maana. Mahakama zote 94 zinaanza kuhesabu upya kila mwaka, kwa hiyo kesi nyingi nchini zinaweza kubeba tarakimu zile zile.

Hatua ya 7: Toa nyaraka

Kumbukumbu ziko kwenye PACER, mfumo wa mahakama zenyewe. Bei ni senti 10 kwa ukurasa, na hati moja haizidi dola 3. Ukitumia dola 30 au chini katika robo mwaka, hutozwi kitu. Kabla ya kulipa, jaribu tovuti ya CourtListener, ambako nyaraka zilizokwisha kununuliwa na wengine hupatikana bure. Anza na orodha ya matukio ya kesi, halafu hati ya mashtaka au hati ya madai. Usianze na tangazo la waendesha mashtaka kwa vyombo vya habari. Hilo ni upande mmoja unaozungumza. Ukitaka kuhudhuria, milango iko wazi kwa umma, lakini kesi za jinai za shirikisho hazirushwi kwenye televisheni, na baadhi ya majengo hukuachisha simu mlangoni.

Hatua ya 8: Hesabu siku za rufaa

Kila wilaya iko chini ya mahakama moja ya rufaa ya mzunguko, yaani kanda ya rufaa, na mizunguko ya kieneo ni 12. New York iko wa Pili, Texas na Louisiana wa Tano, Ohio na Kentucky wa Sita, Minnesota wa Nane, California wa Tisa. Uamuzi wa mzunguko unazifunga wilaya zake tu. Majaji wawili wa wilaya moja hawafungani, hata wakiwa ghorofa moja, kwa hiyo hukumu nzuri uliyoisoma mahali inaweza isikusaidie.

Mshtakiwa wa jinai ana siku 14 tangu hukumu iingizwe kwenye kumbukumbu kutoa taarifa ya rufaa. Kwenye madai ni siku 30, na zinakuwa 60 ikiwa serikali ya Marekani ni mdaawa. Taarifa hiyo haipelekwi mahakama ya rufaa. Inawasilishwa masjala ile ile ya wilaya iliyotoa hukumu.